Hapa Hakuna Mchezaji wa Akiba

Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi ambao najua wengine mmetembea mwendo mrefu kufika hapa, wazee wangu shikamooni, wanafunzi mnaobaki, na nyie wahitimu 19 mliokaa hapo mbele mmenyooka kama mnasubiri karatasi ya mtihani, habari za sa hizi.

Tangu asubuhi nimekaa pale pembeni na kuna kijana mmoja nimekuwa namfuatilia kwa macho. Simtaji jina, sitaki kumuonesha kidole mbele za watu. Kwenye kwaya alikuwa mstari wa nyuma anaimba besi, wimbo ulipoisha tu akachomoka kwa mlango wa pembeni, muda si mrefu nikamuona kwenye gwaride la skauti skafu yake upande mmoja imejikunja, gwaride likaisha akaja kusaidia kubeba viti vya wageni waliochelewa, afu akaenda kukaa na wahitimu wenzake kwa sababu na yeye leo anamaliza. Na kwenye ratiba niliyopewa nimeona baada yangu kuna ngoma, nikamuuliza mwalimu hapa mpiga ngoma ni nani, akanionesha yule yule. Mtu mmoja huyo, na siku ndo kwanza iko katikati.

Mgeni akiona hivyo anaweza akasema masikini hii shule haina watu. Ndo hapo ninapotaka tuongee, manake mi nimesoma shule ya kijijini kama hii, nimefundisha shule za hivi maisha yangu yote ya kazi, nikawa mlezi wa klabu hizi na zile hadi nilipostaafu, na hilo neno la "haina watu" nimelisikia sana, wakati mwingine kutoka kwa walimu wenyewe. Wanalisema kwa kusikitika. Mi nasema hicho kinachoonekana kama upungufu ndicho chenye thamani kuliko vyote mlivyo navyo, na nawaomba mkilinde.

Kwenye shule kubwa yenye wanafunzi 1,500 timu ya mpira ni watu 11 na wa akiba wachache, kwaya labda 40, mdahalo watu sita. Piga hesabu wanaobaki. Wanaobaki wanakaa pembeni ya uwanja wanashangilia, na kushangilia sio dhambi, lakini mtoto anaweza kushangilia miaka minne akamaliza shule hajawahi hata siku moja kusikia mtu anamwambia "wewe usipokuja leo tumekwama". Hapa kwenu hiyo sentensi kila mtoto kaisikia, na najua wengine mmeisikia mpaka mkachoka. Mimi naamini hakuna kinachomkuza mtoto kama kuhitajika kweli kweli. Kusifiwa kunasaidia, kuchaguliwa kunasaidia, ila kuhitajika ni kitu kingine kabisa.

Hili sio wazo langu la kijiweni. Kule Kansas, Marekani, watafiti wawili Roger Barker na Paul Gump walitoa mwaka 1964 matokeo ya kazi yao ya kulinganisha shule za sekondari ndogo na kubwa. Walihesabu shughuli, yaani mechi, maigizo, kwaya, vikao vya klabu, nani alikuwepo na alikuwa pale anafanya nini. Shule kubwa ilikuwa na shughuli nyingi zaidi kwa jumla, hilo halina ubishi. Lakini ukimfuata mwanafunzi mmoja mmoja unakuta yule wa shule ndogo kashiriki mambo ya aina nyingi zaidi, na mara nyingi zaidi ndiye aliyebeba jukumu, wakati mwenzake wa shule kubwa mara nyingi alikuwa mtazamaji. Afu akaja mwenzao Edwin Willems akawaangalia wale watoto wa pembezoni, wale ambao kila shule inao, darasani hawang'ai na nyumbani mambo magumu. Kwenye shule kubwa hao walikuwa kama wapita njia, hakuna anayewadai kitu. Kwenye shule ndogo walijisikia wanadaiwa sawa sawa na wenzao wote. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, nikawakumbuka watoto wangu wengi sana niliowafundisha.

Sasa nianze na michezo manake najua ndo mnayoipenda.

Mpira wa kikapu mnaujua ulianzaje? Desemba 1891, mji wa Springfield, Massachusetts, mwalimu wa mazoezi ya viungo anaitwa James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana 18 ambao walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akapata vikapu viwili vya kuwekea matunda, vikapigiliwa misumari juu huku na huku, akaandika kanuni 13, akawagawa 9 upande huu na 9 upande ule. Kwa nini 9? Kwa sababu walikuwa 18, basi! Hakutafuta watu wa kutosha mchezo, alitengeneza mchezo wa kutosha watu aliokuwa nao. Na mpira ukiingia ulikuwa unabaki humo humo kikapuni mpaka mtu apande akautoe. Leo unachezwa dunia nzima na kila timu ina watu watano.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo ukiwa na wasichana 13 wanaotaka kucheza mpira wa pete, ambao unataka saba kila upande, usimrudishe yeyote darasani wala usifute mazoezi, cheza sita kwa sita na mmoja awe refa kwa zamu, na uone atakavyojifunza kanuni haraka akishika filimbi. Mpira wa miguu chezeni watano watano, uwanja mfupi, magoli madogo, mtoto anagusa mpira mara nyingi zaidi kuliko kwenye uwanja mzima ambako yule wa beki anaweza kusimama nusu saa anaangalia mawingu. Mpira wa wavu hata watatu kwa watatu unaenda vizuri tu. Watoto hawadai wachezaji 11. Sisi watu wazima ndo tunaona bila 11 sio mechi.

Kuna kitu nilikiona kwa macho yangu na nitakisimulia kirefu kidogo. Miaka mingi nyuma tulikuwa na mashindano ya shule za jirani na mimi nikapewa timu ya wasichana ya kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Wakimbiaji nilikuwa nao watatu. Wa nne hakuwepo. Wasichana wengine wenye umri ule walikuwa wachache na wote wameshapangwa kwingine, akabaki msichana mmoja wa klabu ya maktaba, mtulivu, mwembamba, siku zote yuko na daftari, na kukimbia hajawahi kupenda. Nilimwambia ukweli, nikamwambia mama, sikuchagui kwa sababu una kasi, nakuomba kwa sababu bila wewe hawa watatu hawakimbii. Akanyamaza. Kesho yake akaja na raba za kaka yake zimekazwa kwa kamba.

Mbio hizi watu wanadhani ni kasi tu, kumbe nusu yake ni kupokezana. Anayepokea anaanza kukimbia kabla mwenzake hajamfikia, haangalii nyuma, mkono unabaki nyuma umetulia, na anayeleta hapunguzi mwendo. Ili ujue muda wa kuanza unaweka alama chini kwa kuhesabu nyayo kurudi nyuma kutoka uliposimama, mwenzako akikanyaga ile alama wewe unaondoka. Basi huyu binti wa maktaba ndo akawa mpimaji wetu. Kila jioni anapiga magoti, anaweka unyayo mbele ya unyayo, kisigino kinagusa kidole, anahesabu kwa sauti ndogo, anachora mstari kwenye vumbi, tukijaribu anaandika daftarini: 20, mapema, kijiti hakikufika. 17, amechelewa, wamegongana. 18, karibu. Mpaka nakumbuka kuna jioni alisimama na kijiti mkononi akaniambia mwalimu, kwa huyu ni 19 akiwa hajachoka na 18 akiwa kachoka. Mi niliyesomea hayo mambo sikuwa nimeliona hilo.

Siku ya mashindano timu mbili zilizotuzidi kasi ziliangusha vijiti. Sisi kijiti chetu hakikugusa chini hata mara moja na tukawa wa pili. Nilimuona yule binti anavyoshika kile kijiti baada ya mbio, anakishika kwa mikono miwili.

Mtu asiseme hilo ni la shule za vijijini tu. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mbio hizo ni ya Jamaika, sekunde 36.84, London 2012. Usain Bolt rekodi yake ya mita 100 ni 9.58, zidisha mara nne unapata 38.32. Yaani watu wanne wanaopokezana vizuri wanampita hata huyo mwenye kasi kuliko wote kama angeweza kukimbia mara nne mwenyewe kila safari akianzia kusimama, manake watatu kati yao wanapokea kijiti wakiwa tayari wako mwendoni. Na Rio 2016 Japani walipata medali ya fedha, sekunde 37.60, na wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Wamarekani kwenye fainali ile ile waliondolewa kwa sababu kijiti chao cha kwanza kilipokelewa nje ya eneo la kupokezana.

Kabla sijatoka kwenye michezo, wasichana. Mara nyingi msichana anaanza kuacha michezo akifika umri wa kuvunja ungo na sisi tunasema wasichana hawapendi. Muulizeni. Atawaambia hakuna pa kubadilishia nguo isipokuwa nyuma ya darasa ambako wavulana wanapita, au bukta ya shule ni ya kipimo cha mdogo wake, au akiwa kwenye siku zake hana cha kujihifadhi. Hayo matatu yanatatuliwa na chumba kimoja chenye komeo kwa ndani, bukta ndefu kidogo, na mwalimu wa kike mwenye boksi la taulo kwenye kabati. Hapa kwenu nimeona chumba kipo nyuma ya stoo na komeo lipo, nimelijaribu. Asanteni sana kwa hilo.

Haya, muziki.

Wimbo mlioimba asubuhi mmeimba kwa sauti nne na hamna kinanda. Nilimuona mwalimu wenu kagonga kile chuma kidogo cha kutolea sauti kwenye goti, akakisogeza sikioni, akawapa kila mtu noti yake kwa mdomo, mkaingia. Na ubaoni pale darasa la pembeni bado zipo zile herufi za kuandikia noti za wimbo, d r m f s l t, na nukta na mistari yake. Hicho kitu kina historia ndefu. Karibu miaka 1,000 iliyopita mtawa mmoja wa Italia anaitwa Guido wa Arezzo alitaka waimbaji wake wajifunze wimbo mpya haraka, akachukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa kanisani akazitumia kuita noti, ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadae ikawa do. Karne ya 19 huko Norwich, Uingereza, mwalimu Sarah Ann Glover akaitengeneza njia ya kuandika kwa herufi tupu, na ile noti ya saba iliyokuwa ikiitwa si akaigeuza ti ili kila noti ianze na herufi yake. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaiboresha na kuisambaza. Aliyekuwa na ubao na chaki akawa na kwaya.

Kwaya ndogo haina pa kujificha, na ndo maana naipenda. Kwenye kwaya ya watu 80 unaweza kufungua mdomo tu. Nyie waimbaji wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, mnao wawili, mmoja akiugua wimbo unachechemea na kila mtu anajua nani hayupo. Nilisikia leo, tena wa kushoto alikuwa na mafua, na yule wa kulia akawa anaimba huku anamtazama mwenzake kila wanapofika kwenye ile noti ya juu, anaibeba peke yake pale halafu wanarudi pamoja. Hawakupanga, ni kuzoeana.

Na walimu wa kwaya nawaomba kitu. Mvulana akibalehe nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka karibu oktavu nzima, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini yake, na hapo katikati kuna miezi ambayo haijui iko wapi, anaanza noti huku inatokea kule, wenzake wanacheka. Wengi tunawatoa kwenye kwaya, tunasema utarudi ikitulia. Hawarudi! Mwandikie noti nne tano ambazo anazifikia wiki hii, hata kama ni kuimba do na sol tu wimbo mzima, abaki kwenye mstari. Mwezi ujao muulize tena zimehamia wapi. Yule besi wenu mwenye skafu, mwalimu wake kanihadithia kwamba alikaa karibu mwaka anaimba noti tatu tu. Leo ndo nguzo.

Nilikuwa na kijana mwingine, huyu alikuwa na kigugumizi kizito. Jina lake mwenyewe lilikuwa linamsumbua. Ila kwenye kwaya alikuwa anaimba moja kwa moja hakwami hata kidogo, na hilo linajulikana, watu wengi wenye kigugumizi wakiimba kinapotea. Akatamani klabu ya mdahalo. Hakuomba kuongea, aliomba kuwa mtunza muda, akapewa kengele na saa. Akakaa mwaka mzima anapiga kengele, dakika moja imebaki, muda umekwisha, anasikiliza kila hoja ya kila mtu.

Siku moja msemaji wa pili wa upande wa kupinga hakuja shule. Klabu nzima watu 14. Mwenyekiti akaangalia huku, akaangalia kule, hakuna mtu. Yule kijana akaiweka kengele mezani, akasimama. Akaanza na akakwama hapo hapo kwenye neno la kwanza. Mdahalo ule kila msemaji alikuwa na dakika nne, na nadhani dakika nzima iliishia kwenye sentensi mbili. Nakumbuka mkono wake wa kulia ulikuwa unabonyeza meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemmalizia neno pia, na hilo kwa mwenye kigugumizi ni heshima kubwa kuliko mnavyodhani. Walimsubiri kwa sababu wanamjua, wameimba naye, wamebeba naye madawati, walijua maneno yapo ndani yanakuja. Na alikuwa na hoja nzuri kuliko wote manake alikuwa amesikiliza mwaka mzima. Dakika nne zilipoisha hakuna wa kupiga kengele, mpigaji ndo yule anaongea, akaendelea mpaka alipomaliza.

Wazazi wangu, mwalimu akikwambia mtoto wako yuko klabu usiseme anapoteza muda. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za kushughulisha mwili kila siku. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 31, unaiita haki: kupumzika, kucheza, kushiriki sanaa na utamaduni. Haki maana yake haisubiri mpaka alama zipande.

Na hapa niseme kitu ambacho kinaniuma mpaka leo. Shule moja niliyofundisha, ilifika wakati tukakaa kikao tukaamua wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasishiriki klabu wala michezo wala kwaya, wasome tu, asubuhi mpaka usiku. Mimi ndo nilikuwa mlezi wa klabu, nilikuwa na haki ya kusimama nikapinga, na sikusimama. Mwaka ule nikaona watoto wanasinzia juu ya vitabu saa kumi jioni, wale wadogo nao wakabaki bila wa kuwafundisha, ngoma hakuna wa kuwaonesha, wavu hakuna anayejua unafungwaje, na mwaka uliofuata klabu ya mdahalo ikafa kabisa manake aliyejua kuiendesha alikuwa amefungiwa darasani na sasa ameondoka. Mtoto mmoja wa mwaka wa mwisho aliniuliza, mwalimu, tumekosa nini? Sikuwa na jibu la kumpa. Nawaomba, mwalimu mkuu na bodi, likija wazo hilo hapa, na litakuja, mtu mmoja asimame.

Kuna mambo ya kupanga pia, niyapitie haraka. Klabu iwekwe ndani ya ratiba, kabla ya kengele ya mwisho, isiwe baada. Shule ya kijijini mtoto anayekaa mbali akisikia kengele anakimbilia njia kabla giza halijaingia, kwa hiyo klabu ya baada ya masomo ni klabu ya wanaokaa karibu, hata kama hatujakusudia. Kingine, msimpe mwalimu mmoja kila kitu. Mwalimu kijana akija anaimba kidogo na anacheza kidogo basi tunamrundikia kwaya, timu, skauti, mazingira, baada ya miaka miwili ameomba uhamisho na vyote vinakufa siku moja. Na kwa nyie wanafunzi, mtu mmoja kufanya mambo matano ni sawa, kumi sio sawa. Yule anayehitajika kila mahali muulizeni kama amelala.

Sasa nyie wahitimu.

Nilifurahi sana asubuhi mwalimu mkuu alipokuwa anawaita mmoja mmoja. Hakusoma alama peke yake, alisoma na kazi. Huyu alikuwa nahodha, huyu aliimba alto, huyu alikuwa katibu wa mdahalo, na yule binti wa mwisho, alisema "alitunza ufunguo wa stoo ya michezo miaka miwili na hakuna mpira uliopotea". Mmepiga makofi hapo kuliko pote, na wazazi wake nimewaona walivyoangaliana. Nikaomba nilione hilo daftari la stoo. Kila mstari una tarehe, jina, kitu, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na palipo na tatizo kaandika kwa wino mwekundu: pampu imepinda sindano, wavu umekatika kamba ya juu, nimefunga fundo la muda. Ukurasa wa mwisho, jana, kaandika jina la msichana wa darasa la chini yake na kusaini, na huyo wa chini naye kasaini.

Kabla hamjaondoka leo, kabla ya picha na kabla hamjagawana namba, kila mmoja wenu afanye alichofanya huyu binti. Kaa na mdogo wako nusu saa. Muoneshe ngoma inakazwa vipi siku ya unyevu, wavu unaanza kufungwa upande gani, ule wimbo wa sauti nne mwalimu huwa anaushusha noti moja kwa sababu soprano hawafiki. Muandikie. Vitu hivyo viko vichwani mwenu tu, na nyie 19 mkitoka kwenye geti lile na hamjaviandika, hawa wadogo wanaanza upya. Umesikia mwanangu, wewe wa mstari wa pili? Nyayo 18 za yule binti wa maktaba ninazikumbuka mimi kwa sababu aliniachia lile daftari. Ninalo nyumbani. Baada yake nililitumia na timu tatu nyingine, na kila timu iliongeza namba zake chini ya za kwake kwa mwandiko tofauti.

Nilikuwa na mengine ila namuona kijana wangu wa besi pale ameshaanza kufungua skafu na anaitazama ngoma, anaitazama na saa, na dakika zangu kweli zimeisha. Ngoma haina mpigaji mwingine. Mwanangu simama, nenda, mi nakaa.